Spika bila boksi: hesabu ya besi inayosahaulika

"Hiyo ni ngoma bila mzinga." Ndivyo fundi mmoja wa redio alivyoniambia alipoiona spika niliyoitengeneza nyumbani: ubao wa plaiwudi wa milimita 18, upana sentimita 50, kimo cha kunifika kifuani, spika zimefungwa mbele na nyuma kote kuko wazi, sumaku na nyaya zinaonekana. Hakuwa na ubaya. Alisema wanachosema mafundi wengi na wanunuzi karibu wote, kwamba besi inatengenezwa na boksi, na spika ukiivua boksi umeivua besi.

Mfano wake wa ngoma nimeufikiria kwa muda mrefu, maana ni mzuri. Mzinga wa ngoma, kama tumbo la udi, upo ili uongeze sauti yake wenyewe. Mpigaji anautaka uvume, na aliyeuchonga husifiwa kwa jinsi unavyovuma. Lakini spika haipigi muziki wake. Inarudisha ngoma iliyokwisha kupigwa, ambayo mzinga wake umo tayari ndani ya rekodi. Boksi nalo likivuma, unasikiliza mizinga miwili. Na linavuma kweli. Sauti inayotoka nyuma ya karatasi ya spika ni kubwa sawa na ile ya mbele. Ukiifungia ndani inagonga mbao, inarudi, na sehemu yake inatokea mbele kwa kuipenya karatasi yenyewe, ambayo ni nyembamba, ikiwa imeshachelewa. Sikiliza sauti ya msomaji wa taarifa ya habari kwenye spika ya boksi jepesi: ina uzito wa kifua ambao si wa msomaji.

Pamoja na hayo, fundi yule ana hoja, tena yenye mizizi katika fizikia. Karatasi inaposukuma hewa kwa mbele, kwa nyuma inaivuta. Mawimbi ya besi ni marefu. La 40 Hz, yaani la mitetemo 40 kwa sekunde, linapita mita 8 na nusu. Ubao wa nusu mita hauwezi kulitenganisha wimbi la namna hiyo. La mbele na la nyuma yanazunguka ukingo, yanakutana na kufutana. Kwa ubao kama wangu, upungufu unaanza kwenye 115 Hz hivi, na kutoka hapo kila ukishuka oktevu moja, yaani mitetemo ikipungua kwa nusu, unapoteza desibeli 6. Boksi lilikuja kutatua jambo hilo, na limelitatua kwa bei ndogo na katika nafasi ndogo. Hakuna mtu mkweli anayeweza kulibeza.

Kinachoniuma ni kwamba mjadala huishia hapo, kana kwamba hesabu imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza.

Tuchukue 120 Hz, mahali ambapo ubao na boksi bado vinakaribia kulingana, tushuke hadi 40 Hz. Sikuichagua namba hiyo ovyo: uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi, ukiachwa wazi, unapiga 41 Hz, kwa hiyo hapo ndipo dansi na taarabu nyingi zinapokanyaga chini. Ili sauti ibaki na nguvu ileile, karatasi iliyo ndani ya boksi lililozibwa inabidi iongeze mwendo wake mara 9. Iliyo kwenye ubao wazi inabidi iongeze mara 27. Ukiwa na spika ya inchi 8 iliyokuwa ikitembea milimita 0.2 kule juu, ndani ya boksi itatembea 1.8, na kwenye ubao 5.4. Spika nyingi za bei nafuu za inchi 8 hazifiki huko salama. Yangu ya kwanza haikufika: niliiwekea singeli kwa sauti kubwa na nikasikia koili ikigonga chuma huko nyuma, ta-ta-ta-ta, nikakimbilia kuzima. Boksi lililozibwa lina hewa inayoisukuma karatasi irudi, ubao hauna hewa hiyo ya kuizuia.

Kwa hiyo 27 dhidi ya 9, na kesi inaonekana imefungwa. Lakini nani amelazimisha iwe inchi 8? Spika ya inchi 15 ina eneo la karatasi karibu mara nne ya ile ya inchi 8. Kila milimita inayotembea inasukuma hewa mara nne zaidi, hivyo inahitaji robo tu ya mwendo. Gawanya 5.4 kwa nne: milimita 1.35. Narudia, kwa sababu mimi mwenyewe niliikokotoa mara tatu kabla ya kuiamini. Inchi 15 kwenye ubao mtupu, ikipiga uzi ule ule wa chini kwa nguvu ile ile, inatembea *kidogo kuliko* inchi 8 iliyomo ndani ya boksi. Haijichoshi. Besi haikupotea; ilikuwa inadai karatasi kubwa, nasi tukaipa ndogo kisha tukaulaumu ubao.

Ipo gharama nyingine ya haki kuitaja. Ule upungufu ukiusahihisha kwa ikwalaiza, kifaa cha kupandisha au kushusha sehemu fulani ya sauti, pale 40 Hz unaiomba amplifaya nguvu karibu mara 9 ya ile iliyotosha kule juu. Njia ya kupunguza deni hilo ni kuchagua spika inayofaa, na hapa ndipo tunapokosea dukani. Tumezoea kuipima spika kwa uzito wa sumaku. Yenye sumaku kubwa, inayofaa sana ndani ya boksi, kwenye ubao hutoa besi kavu inayokatika mapema. Ile yenye sumaku ya wastani, ambayo mjenzi wa maboksi huikataa kwa sababu ndani ya boksi inavuma ovyo, inajisaidia yenyewe huko chini na kufidia sehemu ya kile ubao unachopoteza. Mara nyingi hiyo ndiyo ya bei ya chini.

Kisha kuna chumba, na sijui kwa nini wapinzani wa ubao hawakitaji, ilhali kwetu chumba ni nusu ya spika. Nyumba zetu nyingi za mjini ni tofali za saruji, sakafu ya vigae, pazia jepesi. Kuta hizo hazimezi besi, zinairudisha. Chumba cha futi 10 kwa 12 kina milio yake ya asili, miongoni mwayo 47 Hz kwa urefu na 56 Hz kwa upana. Uzi wa pili kwa unene wa gitaa la besi ni 55 Hz. Maana yake, kila mpigaji anapougusa uzi huo wazi, chumba kizima kinaitikia, na noti zilizo jirani hazipati mwitikio huo. Noti moja inakuwa tembo, inayofuata inakuwa paka. Wengi wetu tumekua tukiuita mlio huo wa kuta "besi", na sabufa zetu huuzwa kwa sifa hiyo.

Spika ya ubao haitoi sauti pande zote. Inatupa mbele na nyuma, ubavuni karibu hakuna kitu. Simama usawa wa ukingo wa ubao utaisikia sauti ikinywea, kisha piga hatua mbili mbele ujionee inavyojaa. Kwa nguvu ile ile unayoisikia ukiwa mbele yake, jumla ya sauti inayomwagwa chumbani ni theluthi tu ya ile inayomwagwa na spika inayotoa pande zote sawa, na huko chini kwenye besi spika ya boksi hufanya hivyo hasa. Ukizielekeza kwa urefu wa chumba, kuta za ubavuni hazipati cha kuitikia, na ule mlio wa 56 Hz unalala. Ndipo unapogundua kwamba mpigaji wa besi alikuwa anapiga noti tofauti tofauti, na kwamba kwenye taarabu, chini ya ala za kanuni na fidla, kuna mtu anayetembeza besi kwa utaratibu mzuri ajabu.

Wala haya si mambo ya watu waliokosa mbao. Uingereza, Quad ya Peter Walker iliingia sokoni mwaka 1957 ikiwa haina boksi wala karatasi, ni utando unaotikiswa na umeme, nyuma wazi kama mbele, na hadi leo wapo wanaoitafuta kwa ajili ya sauti za waimbaji. Siegfried Linkwitz, mhandisi Mjerumani aliyefanya kazi Hewlett-Packard huko California, ndiye ambaye krosova (sakiti inayogawa sauti za juu na za chini kwa spika tofauti) inayobeba jina lake na la mwenzake Riley imo ndani ya vifaa vingi vya kumbi na studio. Mtu huyo, aliyeweza kujenga boksi lolote alitakalo, alitumia miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 2018 kwenye spika za wazi, na sehemu kubwa ya hesabu zake aliziweka hadharani kwa kila mtu. Hata redio za mbao za valvu za babu zetu zilizibwa nyuma kwa hadibodi yenye matundu tu.

Upande wa boksi una hoja moja ambayo sina jibu lake, nayo ni nafasi. Sauti ya nyuma inahitaji hewa. Chini ya mita moja kutoka ukutani inarudi haraka mno na kuivuruga ya mbele. Hata ikiwekwa mbali, ule mwangwi unaufanya muziki uonekane mpana kuliko ulivyorekodiwa, nami naupenda, ila siwezi kudai umo kwenye rekodi. Harusini na kwenye singeli ya kutikisa madirisha, boksi linashinda bila mabishano. Wapo wanaochanganya: ubao wazi kuanzia 100 Hz kwenda juu, sabufa ya boksi chini yake, na kwa vyumba vingi naona hiyo ni njia ya busara.

Mwenye chumba kimoja chenye kitanda, kabati na meza ya mtoto ya kusomea, nitamshauri ajenge boksi dogo lililozibwa, mbao nene, mihimili ndani. Mwenye sebule ambayo viti vinasogezeka, aanze na nusu shiti ya plaiwudi na spika mbili kubwa za zamani kabla hajanunua chochote kipya. Kazi ni ya mchana mmoja, na tundu likikosewa, nusu ya pili ya shiti bado ipo.