Pengo la diski: tujenge kwanza au tunakili kwanza?

Ukifungua /proc/mdstat, faili ya Linux inayoonyesha hali ya diski, kwenye seva ya nyumbani yenye diski nne za RAID 5 (mpangilio unaounganisha diski kuwa safu moja inayostahimili kifo cha diski moja), siku njema utakuta herufi nne zimejipanga: [UUUU]. Siku diski moja ikifa, inabaki [UUU_]. Kile kistari kinakaa kama pengo mdomoni. Faili zote bado zinafunguka, picha zinaonekana, na hakuna mtu nyumbani anayejua kwamba kuna lililotokea isipokuwa mwenye seva.

Hapo ndipo wanaojua mambo hugawanyika. Wapo wanaosema chomeka diski mpya sasa hivi, safu ianze kujijenga, yaani kuijaza diski hiyo kwa kuzisoma zilizobaki. Wengine wanasema usiguse kitu mpaka utoe nakala ya vile ambavyo huwezi kuvipata tena. Hawa wa pili huitwa waoga, na naona wanaonewa.

Kambi ya kujenga ina lake. Safu yenye pengo haina kinga, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kunakili nako ni kusoma, wanasema, kwa hiyo unazichosha diski zilizobaki mara mbili: mara ya kwanza kwa nakala, mara ya pili kwa ujenzi. Kwenye RAID 6 au RAIDZ2, ambako diski moja ikifa bado kinga ya pili ipo, hata mimi ningejenga bila kusitasita. Na mwenye chelezo kamili, aliyowahi kuijaribu kwa kurejesha faili kweli, hana haja ya kuingia kwenye ubishi huu.

Tatizo la kambi ya kunakili ni utetezi wake. Karibu kila mara huanza na hesabu iliyovuma tangu 2007, pale Robin Harris alipoandika ZDNet kwamba RAID 5 itaacha kufanya kazi 2009. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Karatasi za diski nyingi za kawaida husema kosa la kusoma halizidi moja katika kila biti trilioni 100, yaani terabaiti 12.5. Chukua diski nne za terabaiti 8. Moja ikifa, ujenzi unasoma tatu zilizobaki, jumla terabaiti 24. Ukiishika namba ile kama ilivyo, nafasi ya kumaliza bila kosa hata moja ni kama asilimia 15.

Inatisha, ila haifanani na tunachokiona. Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, huifanyia safu ya mdadm (programu ya RAID ya Linux) ukaguzi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ikizisoma diski zote mwanzo hadi mwisho. Kwa safu yetu hiyo ni terabaiti 32, hivyo kila mwezi tungetarajia makosa mawili au matatu. Watu wanakaa miaka bila kuona hata moja. Namba ya kiwandani ni ukomo, haisemi diski yako itakosea mara ngapi. Kambi ya kujenga ikishalionyesha hilo, hudhani ubishi umekwisha.

Haujakwisha, kwa sababu swali zito ni nini kinaanguka sekta moja, yaani kipande kidogo cha diski, ikigoma kusomeka. Ukiwa unanakili, faili moja inashindikana, amri inalalamika, kisha inaendelea na faili inayofuata. Umepoteza picha moja. Ukiwa unajenga, baadhi ya mifumo ya RAID husitisha ujenzi wote kwa sekta hiyo hiyo moja. (ZFS, mfumo wa faili wenye RAID yake yenyewe, ni mstaarabu zaidi: hukutajia faili iliyoharibika na kusonga mbele. Wenye ZFS wana haki ya kutuona tunapiga kelele.)

Halafu kuna jambo la sekunde. Diski za mezani zikikwama kwenye sekta mbovu zinaweza kuihangaikia kwa dakika nzima au zaidi, wakati kerneli (kiini) ya Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30. Muda ukipita, kerneli inaanzisha upya mawasiliano, na diski iliyo hai inaweza kutolewa kwenye safu kama mfu. Hilo ni pengo la pili, na RAID 5 yenye mapengo mawili haisimami. Diski zilizotengenezwa kwa kazi hii hukata tamaa baada ya sekunde kama 7. Kwa hiyo uwe kambi yoyote, angalia kwanza kwa smartctl (amri ya kukagua diski) kama diski zako zinakubali kuwekewa kikomo hicho. Zisipokubali, ongeza subira ya kerneli hadi sekunde 180. Ukiwa hapo hapo, tazama namba 199 ya SMART, ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia: hiyo huhesabu makosa ya mawasiliano, na 5 na 197 huhesabu sekta mbovu. Ikiwa imepanda huku 5 na 197 zikiwa sifuri, shuku kebo kabla ya kuilaumu diski.

Na ile hoja ya kuchosha diski mara mbili? Ujenzi wa mdadm kwa kawaida hausomi faili, unasoma diski nzima pamoja na sehemu tupu: terabaiti 24, saa 12 au zaidi. Vitu ambavyo ungevililia kweli, picha za familia, hati, kazi zako, labda ni gigabaiti 300. Kwa mtandao wa gigabiti hizo ni dakika kama 45, na ni asilimia moja na ushee ya usomaji ambao ujenzi utaufanya. Filamu zisubiri.

Sharti ni moja: nakili baada ya kuifungua safu kwa kusoma tu, bila kuandika. Usipoiandikia chochote tangu diski ile ilipotoka, yaliyomo ndani yake bado yanalingana na wenzake. Diski ya pili ikianguka katikati ya ujenzi, ile ya kwanza inaweza kunakiliwa kwa ddrescue (programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu), sekta kwa sekta, na safu ikaunganishwa kwa nguvu kwa nakala hiyo. Mimi huibandika diski hiyo iliyotoka karatasi yenye tarehe na kuiweka kando hadi [UUUU] irudi na ukaguzi mmoja upite.