Eti si thrila kwa sababu hamna bunduki

Juzi usiku nimegombana na rafiki yangu kwa sababu ya kochi. Kochi lenyewe ni la kwenye Marjorie Prime, mchezo wa jukwaani wa Jordan Harrison, na mi nilimlazimisha aangalie filamu yake ya 2017, nikamwambia ni thrila, yaani ya kukubana roho, maana mwaka 2014 unaanza kuchezwa Los Angeles mi na yeye tulikuwa tunagombania siti za daladala huku. Imeisha tu, kageuka ananiambia "sasa hii thrila gani, watu wamekaa kwenye kochi wanaongea mpaka mwisho, hata bunduki hamna?"

Bunduki. Haya.

Marjorie ana miaka 85 na kumbukumbu zinamtoka. Kawekewa hologramu, yaani picha ya mwanga inayoongea kama mtu, ya marehemu mumewe Walter, enzi za ujana wake, kazi yake ni kukaa naye na kumsimulia maisha yake mwenyewe. Binti yake Tess haipendi hata kuiona, mkwe ndo anailisha habari, kwa sababu ile mashine haijui chochote mpaka uiambie, na ukishaiambia imeshika. Hapo ndo penye ubaya wote. Bibi anasimuliwa walivyochumbiana, kwamba usiku ule walitoka kuangalia filamu ya My Best Friend's Wedding, bibi anaona haipendezi, anaomba iwe Casablanca, ile ya mapenzi ya zamani. Basi, imekuwa Casablanca! Mtu anafanyia ukarabati ndoa yake mbele ya macho yako, taratibu, kwa upendo, na we umekaa unasubiri risasi.

Halafu mama anakufa. Na Tess, yuleyule aliyekuwa anaikunjia sura ile mashine, sasa kakaa mbele ya hologramu ya mama yake na anatakiwa aifundishe kuwa mama yake. Mama mwenyewe alikuwa na ulimi mkali, na kulikuwa na kaka mtu, Damian, alijiua, jina lake ndani ya nyumba halitajwi, na Tess maisha yake yote anahisi yeye alipendwa kwa masalio ya yule kaka. Sasa ana mama mpya, mpole, hachoki kusikiliza, anataka tu kuambiwa alikuwa mtu wa namna gani. We ungemjibu nini? Ungemwambia hukunipenda vya kutosha, au ungejitengenezea mama uliyemtaka toka utotoni? Mi pale nilishika mto nikaung'ang'ania, na mi huwa naangalia maiti kwenye filamu huku nakula.

Mwisho sisemi sana, ila wanabaki hologramu watupu wanapiga stori, binadamu hamna hata mmoja. Nakubali kwamba sehemu ya tatu inakimbia, na rafiki yangu alisinzia kidogo hapo katikati na sikumlaumu. Kidogo.

Na wale wa "bunilizi za kisayansi haziwezekani kwenye majukwaa yetu, bajeti hamna", jamani, hologramu pale ni mwigizaji kakaa tu kwenye kiti. Hata neno roboti limetoka jukwaani, mchezo wa Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, Prague, 1921, enzi hizo kompyuta ziko wapi.

Ila sikugombana kwa ajili ya sanaa, tuseme ukweli. Bibi yangu alikuwa hivyohivyo. Mjomba alipofariki bibi akawa anamuulizia kila siku baada ya alasiri, mama anamwambia ukweli, bibi analia upya kama msiba ni wa leo, anajifunga khanga kiunoni anataka majirani waitwe. Kila siku. Wiki ya pili mama akashindwa, akamwambia yuko Tanga, kafuata mzigo. Bibi akasema aah, basi mwambieni aniletee machungwa, akaomba chai. Kuanzia hapo nyumba nzima tukawa Tanga, Tanga, mpaka watoto wadogo walikuwa wanajibu hivyo bila kufundishwa, na kuna siku shangazi alinunua machungwa hapo sokoni akayapeleka chumbani eti yametoka kwa mjomba, bibi akala mawili akasema ya mwaka huu matamu. Hamna aliyeona ni vibaya. Mi mwenyewe nilikuwa naona tuna akili sana.

Bibi keshatangulia naye, Mungu amrehemu. Mwaka huohuo nimekaa na mama jikoni tunamenya viazi, nikamuuliza ule mpini wa jembe uliolegea nani atautengeneza, akanijibu bila kunyanyua kichwa, "si tumsubiri mjomba wako arudi Tanga."

Kisu kikasimama. Akaniangalia, na mi nikamwangalia, maji ya viazi yanamtiririka mkononi mpaka kwenye kiwiko. Sikusema kitu. Nikachukua kiazi kingine.