Adui Akiua, Hakuna Riwaya

"Haina uhalisia." Ndivyo alivyoihukumu mwalimu mmoja mstaafu, mtu ninayemheshimu na anayeniazima vitabu, riwaya tuliyokuwa tukiisoma kwa zamu hapa Shangani, huku kwetu Kusini. Ni riwaya ya Kiingereza, ya mauaji wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1943 sajini wa Kimarekani anakutwa amekufa kwenye ghala la vyakula, kijiji fulani huko Uingereza. Polisi wa Kiingereza wanakwenda kuutazama mwili, wanakuta Wamarekani wameshauchukua. Wanaomba orodha ya waliokuwa zamu, wanapewa kahawa. Makapteni wa pande mbili wanatupiana maneno mpaka unasahau kama duniani kuna mtu anaitwa Hitler. Hapo ndipo mwalimu alipokerwa: "Hawa si wako upande mmoja? Mbona wanachimbana kama wake wenza?" Wawili watatu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikanyamaza, umri wake unanizuia. Huku kwenye makala hakuna wa kunizuia.

Mwalimu wangu, shikamoo. Sasa niambie, uhalisia gani huo unaoutafuta, na wewe ni mtu wa Newala?

Maana kama kuna mahali ambapo mtu hapaswi kushangaa washirika wakichukiana, ni Newala. Mwaka 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Wareno walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na Oktoba wakaitwaa boma la Mjerumani pale pale juu, mahali ambapo leo watu wanapigia picha za harusi. Walikuwa washirika wa Mwingereza, vita moja, adui mmoja. Mwingereza naye alikuwa ameshashuka kwa meli Mikindani na Lindi tangu Septemba. Ukiwa na ramani tu, utasema Mjerumani kabanwa huku na huku, kazi imekwisha. Kumbe Wareno walikuwa peke yao kama yatima. Akaja Looff, yule nahodha aliyeipoteza meli yake Königsberg kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915, safari hii anatembea kwa miguu na askari wake. Akawazingira. Na mnaujua uwanda wa Makonde: ardhi nzuri, hewa nzuri, mto hakuna, maji yako chini bondeni. Aliyezingirwa juu kule ana siku zake za kuhesabu. Kabla Novemba haijaisha Wareno walikuwa wamesharudi ng'ambo, silaha na vyakula wameviacha.

Washirika wao Waingereza wakasemaje? Waliwadharau. Walikuwa wakiwadharau hata kabla, ila sasa wakapata ushahidi. Na Wareno hawakuwa malaika. Aprili mwaka huo huo walikuwa wameikalia Kionga, kile kipande cha kusini mwa mdomo wa Ruvuma ambacho Mjerumani aliwanyang'anya miaka ya 1890, na shauku yao kubwa ilikuwa siku ya kugawana waonekane nao walikuwepo. Mwaka 1919 wakapewa Kionga yao, na mpaka leo iko Msumbiji. Huko magharibi, Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916 na Waingereza wakanuna kana kwamba mji umetekwa na adui. Hawa wote, mwalimu, walikuwa upande mmoja.

Washirika wa vita ni kama mkulima na chama cha msingi msimu wa korosho. Wote wanaomba bei ipande, wote wanamlaani mnunuzi, lakini mkulima haondoi jicho kwenye mzani, na karani haondoi jicho kwa mkulima aliyechanganya korosho za mwaka jana. Muulize yeyote aliyewahi kulala ghalani akilinda magunia yake: alikuwa akimlinda nani asiibe? Mnunuzi alikuwa bado yuko Dar.

Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Kitangari, alikuwa na namna yake ya kuisimulia vita ile aliyosimuliwa na wakubwa wake. Sisi wajukuu tulitaka kujua nani alikuwa mbaya na nani mzuri, kama filamu. Yeye alisema wote walikuja na swali moja: kuku wako wapi na wanaume wako wapi. Kuku wa kula, wanaume wa kubeba mizigo. Mjerumani aliuliza, Mreno aliuliza, Mwingereza aliuliza kwa upole zaidi halafu akachukua kuliko wote. Tukimbana sana aseme yupi alikuwa afadhali, anatuambia tukateke maji.

Turudi kwenye riwaya, maana hapa ndipo kiini cha ugomvi wangu kilipo. Watu wanadhani ugomvi wa washirika kwenye riwaya ya mauaji ni pilipili ya mwandishi, kaiongeza ili tusisinzie. Hapana. Bila ugomvi huo riwaya yenyewe haipo. Vitani, adui akiua, utachunguza nini? Hiyo ni taarifa ya jeshi, mistari miwili, inatumwa kwa mama wa marehemu. Fumbo linaanza pale risasi inapotoka nyuma. Na swali la kwanza wala si nani kaua. Ni nani ana ruhusa ya kuuliza.

Mwandishi wa riwaya ile hakulitunga hili. Wamarekani walipoanza kumiminika Uingereza mwaka 1942, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka huo huo kwamba askari wa Kimarekani akifanya kosa la jinai, hata kuua, hata akimuua Mwingereza kwenye ardhi ya Uingereza, atashtakiwa na mahakama ya kijeshi ya Marekani. Fikiria wewe ni polisi wa kijiji. Aliyekufa ni binti wa jirani yako, unayemshuku unamjua kwa sura, na sheria ya nchi yako mwenyewe inakwambia kaa pembeni. Wamarekani walikabidhiwa hata gereza la kunyongea watu wao, Shepton Mallet. Wakawaua mle askari wao 18, na wengi wao hawakuwa wazungu. Nani aliyechunguza kesi zile, kwa bidii gani, na nani aliulizwa maswali nusu nusu? Hapo pekee kuna riwaya kumi.

Australia nako, Mei 1942, wanawake watatu waliuawa Melbourne. Muuaji akaja kubainika kuwa askari wa Kimarekani, Edward Leonski. Waliouawa ni raia wa Australia, mji ni wa Australia, mahakama ikawa ya Kimarekani. Alinyongwa Novemba ile ile, haraka haraka. Haki ilitendeka? Labda. Lakini haraka ile ilikuwa ya nani, ya marehemu au ya majenerali waliotaka Waaustralia watulie? Mwezi huo huo askari wa Australia na wa Marekani walipigana mitaani Brisbane mpaka mtu akafa. Upande mmoja, mwalimu!

Na Bamber Bridge, huko huko Uingereza, Juni 1943. Wakubwa wa jeshi la Marekani walitaka baa za kijijini zibague askari weusi. Wenye baa wakabandika vibao kwamba hapa wanahudumiwa weusi tu. Nilipoyasoma haya nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuniangalia. Kicheko hakikudumu: usiku mmoja polisi wa kijeshi wakakwaruzana na askari weusi, bunduki zikalia, askari mweusi mmoja akauawa. Muuaji na muuawa walivaa sare moja. Ndani ya mshirika mmoja kuna washirika wengine wawili wasioaminiana.

Kwa hiyo kila mpelelezi wa riwaya kama hii ana tatizo ambalo mpelelezi wa mjini hana. Akimpata muuaji, anaweza kuharibu vita. Kila mkubwa anayemwendea anataka jibu, ila jibu lisilovunja mkataba. Afadhali awe mlevi, afadhali awe mpishi, na ikiwezekana awe mtu mweusi asiye na wa kumtetea. Ukweli unakuwa na wanunuzi wachache, na wote wako upande wako. Hiyo ndiyo sababu napenda riwaya za aina hii, na ndiyo sababu "haina uhalisia" ilinichoma.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba riwaya yenyewe ina makosa. Makapteni wanahutubiana mno, kila mmoja anamweleza mwenzake mambo ambayo wote wawili wanayajua, kama viongozi wawili waliogombania kipaza sauti. Mpelelezi ni mwema kupita kiasi, mwaka 1943 anafikiri kama mtu wa leo. Sura ya mwisho, ambapo kila mshukiwa anakusanywa chumbani kusomewa dhambi zake, nimeichoka tangu sekondari. Sawa. Yaseme hayo, nitakuunga mkono.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sisi wa Kusini tumekaa juu ya hazina hii na tunawaachia Waingereza wauze vijiji vyao. Rafiki yangu aliwahi kupeleka mswada wa upelelezi unaoanzia Lindi kwa mchapishaji fulani, akashauriwa auhamishie Dar es Salaam kwa sababu wasomaji hawaijui Lindi. Wasomaji wanaijua London ambayo hawajawahi kufika, Lindi ndiyo itawashinda!

Na si vita ya 1914 tu. Tumekaa na wapigania uhuru wa Msumbiji hapa, Nachingwea wakifanya mazoezi, wakimbizi wakivuka mto usiku. Kiongozi wao, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Kitabu! Mwandishi gani angethubutu kubuni hilo? Maswali ya waliosaidia kutoka ndani hayajaacha kuulizwa mpaka leo. Siendelei, maana watoto wa watu wa enzi hizo wengine ni majirani zangu.

Basi nitasema ninachotaka kusoma. Lindi, katikati ya 1917. Mji umefurika: Waingereza, Wahindi, askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza la KAR, maafisa wa Afrika Kusini, wapagazi wasiohesabiwa na mtu. Oktoba inakuja na Mahiwa, siku nne ambazo jeshi la Mwingereza litapoteza watu zaidi ya 2,000, Wanaijeria wakiwemo, lakini bado hawajui. Afisa wa Kireno aliyetumwa kuwa kiungo anakutwa amekufa ufukweni, na si homa. Waingereza wanataka azikwe kabla ya adhuhuri. Mpelelezi asiwe mzungu mwenye kiko. Awe mwalimu wa misheni ya Masasi. Wapo walimu wa misheni ile ya Kiingereza ambao Wajerumani waliwafunga kwa kuwa tu ni watu wa Waingereza, na waliokuwa Tabora wakafunguliwa Wabelgiji walipoingia. Mtu wa namna hiyo, amefungwa na Mjerumani, amefunguliwa na Mbelgiji, ameajiriwa na Mwingereza kuwa mkalimani, sasa anatakiwa kumhoji Mreno. Wote wanazungumza kupitia kinywani mwake na hakuna anayekumbuka kwamba ana masikio.

Wapagazi waseme Kimakonde na Kiyao chao bila kutafsiriwa kila sentensi, msomaji ahangaike kidogo kama walivyohangaika wale maafisa. Kuwe na ugomvi wa nani anaandika ripoti na kwa lugha ipi. Mwishoni mwalimu ajue muuaji ni nani na wakubwa wajue kwamba anajua. Jemadari wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, atakuwa njiani kuelekea Ruvuma, ambako Novemba 25 atawavamia Wareno pale Ngomano na kujizolea bunduki, risasi na chakula chao. Waingereza watasema "tuliwaambia", na hakuna atakayekumbuka kuuliza kama barua ya onyo ilikuwa mfukoni mwa yule marehemu wa Lindi.

Mwenye kalamu achukue, sidai hata senti. Mwalimu, nakala ya kwanza nitakuletea wewe, na muuaji akiwa Mjerumani nitairudisha dukani kabla hujaifungua.