Kasha la Asidi na Hesabu Inayorukwa

Ukifika msimu wa manunuzi katika shule za sekondari, ubishi huwa uleule. Mkuu wa shule na afisa ugavi wanataka kemikali za maabara zije kwa mkupuo, kasha zima, bei ya jumla. Fundi sanifu wa maabara anataka kidogo kidogo, na pale ambapo fundi hayupo, mwalimu wa kemia huyabeba yote mawili, somo na stoo. Huyu anayetaka kidogo kidogo ndiye anayeonekana mkorofi. Anaambiwa anakwamisha zabuni, anaogopa kazi, au ana mzabuni wake pembeni. Kwa kawaida hana nafasi ya kueleza hesabu iliyo nyuma ya ukaidi wake.

Hoja ya mkupuo ina uzito wake. Chupa ya lita 2.5 ya asidi hidrokloriki kali, ukiigawa kwa mililita, ni nafuu kuliko chupa ya mililita 500 ya asidi hiyohiyo. Usafiri ndio unaoumiza zaidi. Tanzania kemikali za aina hii zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2003, kwa hiyo huwezi kuzirusha kwenye buti la basi la Sumbawanga ukasubiri simu ya kondakta. Safari moja kwa mwaka ni rahisi kuliko nne. Fedha za uendeshaji nazo haziji kwa kalenda ya mwalimu. Zikiingia, busara inasema zitumike kabla hazijahamia kwenye paa linalovuja. Halafu kuna hofu ya mtihani wa vitendo. Orodha ya maandalizi ya NECTA, au ya KNEC kwa wenzetu wa Kenya, ikifika na stoo haina kitu, mkuu wa shule ndiye atakayeulizwa. Anayejaza rafu anajikinga.

Sasa hesabu yenyewe. Asidi hidrokloriki kali ya asilimia 36 ina ukali wa molari 11.6 hivi, yaani moli 11.6 za asidi katika kila lita; moli ni kipimo cha wingi wa kemikali. Titresheni ya kidato cha nne, zoezi la kupima asidi dhidi ya alkali kwa matone ya bureti, hutumia asidi ya molari 0.1. Chupa moja ya lita 2.5 inatoa takriban lita 290 za asidi hiyo nyepesi. Mpe kila mwanafunzi mililita 150, kiasi cha kusuuza bureti, kurudia mara tatu na kumwaga kidogo mezani: chupa moja inahudumia wanafunzi 1,900 na ushee. Shule yenye watahiniwa 80 inahitaji lita 12 kwa zoezi moja, yaani mililita 103 tu za asidi kali, ambazo hazijazi hata kikombe cha chai. Fanyeni mazoezi sita kwa mwaka, mmetumia mililita 620. Chupa moja, miaka minne. Kasha la chupa nne, miaka 16. Mtoto aliyezaliwa siku kasha liliposhushwa atakaa kwenye mtihani wa kidato cha nne akitumia mabaki yake. Tuseme uchambuzi wa chumvi, umwagikaji na uzembe vinakula kiasi kingine kilekile. Bado ni miaka minane. Asidi salfuriki ni mbaya zaidi kwa hesabu hii, kwa sababu ina molari 18 na zaidi, na lita moja ya molari 0.05 inataka mililita 2.7 tu.

Mtu wa manunuzi atajibu kwamba asidi haiozi. Ni kweli, yenyewe haiozi. Inaozesha jirani zake. Kifuniko cha plastiki kikishafunguliwa mara kadhaa hakibani tena sawasawa, na mvuke wa hidrokloriki unatoka kidogo kidogo, usiku na mchana. Unakula skrubu za rafu ya chuma, unakula mizani, unafubaza maandishi ya lebo za karatasi. Amonia ikiwa rafu ileile, vumbi jeupe la kloridi ya amonia linatanda juu ya kila chupa, na ukiliona hilo ujue mivuke hiyo miwili imekuwa ikikutana kwa muda mrefu. Baada ya miaka sita unabaki na chupa isiyo na jina juu ya rafu iliyolegea, na aliyeipokea alishahamishwa kituo.

Joto la kwetu linaongeza lake. Stoo nyingi ni kachumba kadogo chini ya bati. Amonia ya asilimia 35 iliyokaa katika joto la Tanga au Mtwara hujenga mgandamizo ndani ya chupa. Anayeifungua bila kuipoza kwanza kwenye beseni la maji baridi, na bila kugeuzia mdomo wa chupa pembeni, anarushiwa mvuke usoni. Etha, kimiminika kinachoshika moto upesi, huchemka kwenye nyuzi 34.6, joto ambalo chumba cha aina hiyo hulifikia mchana wa Januari bila kujitahidi. Tena etha ikikutana na hewa na mwanga hutengeneza peroksaidi, ambazo zikikauka kwenye uzi wa kifuniko zinaweza kulipuka kwa msuguano wa kukifungua tu. Ndiyo maana chupa yake huandikwa tarehe ya kufunguliwa, na baada ya miezi sita hupimwa au huondolewa. Ukiona fuwele kwenye kifuniko, usiiguse. Funga chumba, ita wanaohusika. Potasiamu, metali inayohifadhiwa ndani ya mafuta, ikipungukiwa nayo hufanya gamba la manjano, na kulikata gamba hilo kwa kisu kunaweza kuleta mlipuko. Kwa maonyesho darasani unahitaji kipande kama punje ya mchele. Kwa nini shule iwe na gramu 500?

Bei ya jumla pia haina safu ya gharama ya kutupa. Chukua chupa moja ya lita 2.5 ya asidi salfuriki isiyotakiwa tena. Ndani yake kuna moli 46. Kuizimua, yaani kuiua isiwe asidi tena, kunataka bikabonati ya sodiamu kilo 7.7, na hewa ya ukaa itakayotoka inakaribia lita 2,200. Huwezi kuimwagia unga ikiwa kali hivyo. Lazima kwanza uipunguze makali, asidi ndani ya maji na kamwe si maji ndani ya asidi, mililita 100 kwa wakati ndani ya lita moja ya maji baridi, ukikoroga na kusubiri ipoe. Kisha bikabonati, kijiko kwa kijiko, mpaka povu liishe na karatasi ya pH isome kati ya 6 na 8. Chupa moja inakula siku nzima ya mtu aliyevaa miwani, glavu na aproni. Na hiyo ni asidi, ambayo ndiyo rahisi. Dikromati, chumvi za risasi na zebaki hazizimuliwi kwa magadi; zinasubiri Mkemia Mkuu, wakati mwingine miaka, kwenye kona ileile.

Wingi unaongeza madhara hata pale ambapo kosa ni dogo. Januari 2010, katika Chuo Kikuu cha Texas Tech, Marekani, kikomo kilichotolewa kwa mdomo tu kwa kampaundi moja ya mlipuko kilikuwa miligramu 100. Wanafunzi walitengeneza gramu 10 hivi, mara mia moja. Mmoja alipoteza vidole vitatu. Mwaka 2014 huko Denver mwalimu alimimina methanoli karibu na moto kutoka kwenye chupa ya lita 4. Moto uliruka ukamfikia mwanafunzi. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa kemikali ya Marekani ulikazia chupa kubwa kuletwa kwenye meza ya maonyesho. Kwa mililita chache ndani ya bika, mwali huo usingepata cha kula.

Lakini upande wa kidogo kidogo una udhaifu ambao mafundi hawapendi kuutaja. Shule nne zikishirikiana kununua chupa moja, mtu lazima aigawe, na Tanzania kitu cha kugawia kilicho karibu kuliko vyote ni chupa ya maji ya kunywa. Asidi salfuriki kali ndani ya chupa ya nusu lita ya maji, bila lebo, juu ya meza ya ofisi ya walimu, ni hatari kuliko kasha zima lililofungwa stoo. Kama ununuzi mdogo maana yake ni huo, basi afisa ugavi ana haki ya kuukataa.

Njia iliyopo ni kugawana kitu kilichokwisha kupunguzwa makali. Asidi hidrokloriki ya molari 2 iko chini ya kiwango cha molari 2.7 ambacho miongozo ya shule za Uingereza huanzia kuiita ya kuwasha. Shule yenye maabara nzuri na fundi aliyesomea inabaki na asidi kali. Nyingine zinapokea ya molari 2 kwenye chupa halisi za kemikali, zenye jina, ukali na tarehe. Zile lita 12 za zoezi zinatokana na mililita 600 za molari 2. Mzigo ni mzito zaidi barabarani, hilo halipingiki, lakini ikimwagika inafutwa kwa kitambaa na maji mengi. Chumvi zisizoharibika, kama kloridi ya sodiamu, kabonati ya sodiamu na salfeti ya shaba, ziendelee kununuliwa kwa kilo. Hapo hoja ya mkupuo inashinda bila ubishi.

Kwa asidi, amonia na vimiminika vinavyoshika moto, maelezo ya zabuni yaandikwe na anayezitumia: mahitaji ya miezi 12 pamoja na akiba ya robo yake, chupa za mililita 500, amonia ya asilimia 25 badala ya 35, tarehe ya kutengenezwa ionekane. Etha isiyo na tarehe irudi kwenye gari lililoileta, hata kama leja imeshasainiwa.