Armstrong nchini Kongo, 1960: kibaraka gani huyo?

Kila inapotajwa ziara ya Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi wa Marekani, nchini Kongo, hukumu huwa imeshatoka: mzee alitumwa na Washington kuwapumbaza Waafrika huku Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, akichimbiwa kaburi. Hoja hiyo ina uzito. Safari iligharimiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani pamoja na Pepsi-Cola. Alipopokelewa Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwishoni mwa Oktoba 1960, akabebwa juujuu kitini kama chifu, Lumumba alikuwa kizuizini nyumbani kwake katika jiji hilohilo. Kisha bendi ikaenda Elisabethville (Lubumbashi ya leo) kwa Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililojitenga lenye mgodi wa Shinkolobwe, ulikotoka urani ya bomu la Hiroshima. Serikali haipeleki tarumbeta mahali kama hapo kwa mapenzi ya muziki tu.

Lakini wanaomwita kibaraka huiruka Septemba 1957. Gavana Faubus wa Arkansas alipotumia askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule ya Little Rock, Armstrong, akiwa Grand Forks, North Dakota, alimweleza mwandishi kijana kwamba Rais Eisenhower hana ujasiri, na kwamba yeye haendi Urusi kuiwakilisha serikali inayowatendea watu wake hivyo. Mhariri hakuamini, akataka uthibitisho. Kijana akamrudishia Armstrong habari yenyewe. Mzee akaisoma, akaandika neno moja la kuikubali, akatia sahihi. Msaidizi wake alipodai baadaye kwamba alitegwa na anajutia maneno yake, yeye hakurudi nyuma. Hiyo ilikuwa Marekani ya 1957, na riziki yake ilitegemea kumbi za wazungu.

Sasa, Oktoba 1960 alijua nini? Kwamba Lumumba amezuiliwa, hiyo haikuwa siri, na hapo wakosoaji wake wana haki ya kumuuliza. Ila mpango wa CIA wa kumpa Lumumba sumu ulianikwa na kamati ya Seneti ya Marekani, chini ya Seneta Church, mwaka 1975. Armstrong alifariki Julai 1971. Tunamshtaki kwa faili ambalo lilifunguliwa miaka minne baada ya kifo chake, tena tunashangaa kwa nini hakulisoma.

Halafu kuna dharau iliyojificha humo: eti Wakongo walikuwa watu wa kupumbazwa na tarumbeta la mgeni. Léopoldville ya wakati huo ilikuwa na bendi za African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya Franco. Muziki haukuwa mgeni pale, wala siasa ndani yake. Januari 1960 Kabasele alikuwa Brussels na wajumbe wa mazungumzo ya uhuru, akatoa “Indépendance Cha Cha”, akivitaja vyama kwa majina kama ndugu wa meza moja, Conakat ya Tshombe ikiwemo. Bara zima likaucheza. Tarehe 11 Julai, Tshombe akaitenga Katanga. Ikiwa wimbo wa Wakongo wenyewe, kwa lugha zao, haukumshika Tshombe hata miezi sita, ziara ya mgeni ingebadili nini?

Wengine humlinganisha na Abbey Lincoln na Max Roach, wanamuziki weusi wa Marekani, walioingia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa New York Februari 15, 1961, na kuvuruga kikao kwa makelele ya kumlilia Lumumba. Nawavulia kofia. Lakini kifo hicho kilikuwa kimetangazwa siku mbili kabla, na kila mwenye redio alikuwa na habari hiyo; Oktoba 1960 kilikuwa hakijatokea.