Boti ya kutembelea bora ukodi kuliko kununua

Ndugu mwandishi umeuliza kama mtu wa Mwanza mwenye hela yake anunue boti ya kutembelea wikiendi, mi nasema hapana, hizi boti naziona kila siku hapa mwaloni zinapoegeshwa ziwani. Watu wanapiga hesabu ya bei ya kununulia tu, wanasahau mafuta, injini ya HP 40 ukiifungulia mpaka mwisho inakunywa kama lita 15 za petroli kwa saa, afu kuna ukaguzi wa TASAC, lile shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, laifu jaketi za watu wote, na mlinzi wa usiku maana injini ukiiacha peke yake inabebwa. Na magugu maji jamani! Upepo ukiyasukuma yakajaa ufukweni boti haitoki, ukilazimisha mizizi inajizungusha kwenye propela, mengine yanaziba pale injini inapovuta maji ya kujipooza, ukichungulia nyuma unaona kale kamchirizi ka maji ya kupooza kanakorushwa na injini kamekatika, hapo zima haraka la sivyo imeungua. Na ikikaa wiki nyingi bila kuwashwa ndo inaharibika zaidi, petroli inaacha gundi kwenye kabureta. Sasa familia inayotaka kwenda kisiwa cha Saanane mara moja moja si ikodi tu, nahodha wa hapa miamba anaijua. Ila mwenye kubeba watalii au mwenye shughuli zake Ukerewe huyo anunue, itamlipa. Na hata ukikodi usimpandishe mtoto kama hakuna jaketi la saizi yake, lile la mtu mzima linamchomoka akiingia majini.