Riwaya za Kihistoria Ambazo Wahusika Wake Hawaujui Mwisho

Ninapochagua riwaya ya kihistoria ninajiuliza swali moja: je, wahusika wake wanajua kwamba wanaishi katika historia? Wakijua, ninakifunga kitabu. Nimesoma nyingi ambamo mkulima wa karne ya 16 anazizungumzia zama zake kama mtu aliyekwishaona majibu ya mtihani, na ambamo mwandishi, kwa kuogopa utafiti wake usipotee bure, anatuhesabia vifungo vyote vya koti la askari kabla ya kumruhusu afyatue risasi.

Ndiyo maana ninatanguliza Wolf Hall ya Hilary Mantel, iliyochapishwa mwaka 2009. Wasomaji wa historia ya Uingereza wanajua kwamba Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, alikatwa kichwa mwaka 1540, lakini Cromwell mwenyewe hana habari, na Mantel anailinda hali hiyo kwa kusimulia kana kwamba mambo yanatokea sasa hivi. Tunamkuta akiwa kijana, ameanguka juu ya mawe ya uani, baba yake akimfokea ainuke. Uzi wa buti la baba umefumuka, na fundo lake gumu limemchana kwenye nyusi. Kwa fundo hilo moja nilimwamini mwandishi. Nikiri kwamba kurasa za mwanzo zinachosha, kwa sababu "yeye" karibu daima ni Cromwell, hata pale sentensi inapoelekea kumzungumzia mtu mwingine.

Kwa anayependelea kusoma kwa Kiswahili, ipo Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994. Yusuf, mwenye umri wa miaka 12, anapanda treni na tajiri Aziz, ambaye anamhesabu kuwa ni ndugu wa wazazi wake, akidhani anakwenda kutembea tu. Kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake, na anayemfumbua macho ni Khalil, kijana mwingine aliyefikishwa hapo kwa deni. Wajerumani, wakoloni wa Afrika Mashariki wakati huo, wanapita pembezoni mwa hadithi kama uvumi, hadi siku wanapofika mlangoni. Msomaji ameshaunusa mwaka 1914 na Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Yusuf bado.

Vita na Amani ya Tolstoy inaogopwa kwa unene wake, na hofu hiyo si ya bure. Hata hivyo, sura za mapigano ya Borodino ya mwaka 1812, kati ya Warusi na jeshi la Napoleon, zinalipa gharama zote: Pierre, raia mwenye kofia nyeupe, anazurura katikati ya mizinga, na wapiga mizinga wanaokerwa naye mwanzoni wanaishia kumzoea kama mmoja wao. Zile kurasa za mwisho kabisa, ambamo Tolstoy anaiacha hadithi na kuanza kuhubiri juu ya nguvu zinazoendesha mataifa, mimi niliziruka, na sijajuta.